Je, uzi wa kushonea huharibika ukikaa sana?

Kuhusu swali lako la nyuzi zilizokaa miaka mingi kwenye kopo, uzi huchakaa hata usipotumika, ila si kila uzi huchakaa kwa kasi ile ile. Uzi wa pamba hudhoofishwa na jua, unyevu na ukungu, ilhali ule wa poliesta hustahimili muda mrefu zaidi, hasa ukihifadhiwa gizani, mahali pakavu. Usiuhukumu kwa umri wake. Kata kipande cha urefu wa mkono, shika ncha zote mbili, kisha uvute kwa nguvu: uzi ukigoma na kukatika kwa shida, ungali mzima, lakini ukiachana kwa ulaini kama karatasi iliyolowa, utupe. Kabla ya kuutupa, fungua mizunguko kadhaa ya juu na ujaribu tena, kwani mara nyingi ni tabaka la nje tu lililounguzwa na jua. Uzi unaoacha vumbi jingi kwenye cherehani au kukatikakatika sindanoni nisingeutumia kwa mshono wa kudumu; labda kwa kupigia bandi (mshono wa muda), ambayo hata hivyo itafumuliwa.