Theluji ikishayeyuka, kituo cha ski kinafanya nini?

Baridi hii ya Moshi imewakumbusha wengi theluji, na ski, ule mchezo wa kuteleza juu yake kwa mbao miguuni. Nimechagua maswali manne.

Shikamoo mzee. Mgeni wetu Mfaransa anasema mwezi wa saba, kwenye joto la kwao, huwa anafanya kazi kituo cha ski. Theluji anaitoa wapi? (Mgumu, mbeba mizigo mlimani, Marangu)

Marahaba mwanangu. Hajakudanganya. Julai sisi tunasaka makoti, wao ndiyo jua lao. Theluji ya mteremkoni inayeyuka, zinabaki nyasi, lakini mitambo ya kupandishia watu haing'olewi. Vile viti vinavyoning'inia kwenye waya vinageuka kubeba watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mswisi mmoja alinionyesha picha tukiwa kambi ya Horombo, Kilimanjaro: kiti kinapita juu, baiskeli imetundikwa kwa ndoano, na chini yake ng'ombe mwenye kengele shingoni anajilia majani palepale watu wanapoteleza Januari. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Whistler, Kanada, watu hufuata njia za baiskeli za kuteremkia. Chamonix, Ufaransa, wengine huruka na parachuti kutoka mlimani. Ski yenyewe hubaki juu kabisa, kwenye barafu isiyoisha, kama Zermatt ya Uswisi na Hintertux ya Austria. Nako wanawahi asubuhi, maana jua likishapanda theluji inakuwa uji.

Afrika hakuna ski? (Mwanafunzi wa utalii, Arusha)

Ipo. Afriski, Lesotho, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000. Kule msimu ni Juni mpaka Agosti, wakati Ulaya wanapanda baiskeli. Morocco nako wana Oukaïmeden, ila wao baridi yao inafuatana na ya Ulaya.

Watoto wamefunga shule. Tunaweza kupanda mlima bila habari za kilele? Sina ubavu huo. (Mama wawili, Pasua)

Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Tunaishi chini ya mlima miaka yote, tunauacha kwa wageni kana kwamba bila kilele cha Uhuru hakuna safari. Wale wa vituo vya ski walishalielewa: anayelipa mwezi wa saba mara nyingi ni baba na mama wenye watoto, na wanataka kurudi jioni wakiwa wazima.

Nendeni geti la Marangu mapema, na mwongozaji mwenye leseni. Mpaka kambi ya Mandara, karibu mita 2,700, ni msitu mtupu, saa tatu au nne kwa mwendo wa watoto. Watazameni mbega juu ya miti, wana mikia myeupe kama ufagio. Mkibaki na nguvu, kreta ya Maundi iko jirani, na mawingu yakifunguka mtaiona Mawenzi. Sweta na koti la mvua msiache, hata kama Pasua jua linawaka. Watoto wakiwa wadogo sana, kijiji cha Materuni kinatosha: maporomoko, kisha mtwange kahawa wenyewe kwenye kinu.

Na sisi tuwekewe magari ya waya Kilimanjaro? Kuna mtu amewahi kuteleza huku? (Dereva, Majengo)

Mpango ulitajwa 2019 na waongozaji wakapiga kelele, mimi nikiwemo. Kazi ya wagumu ni sababu moja. Nyingine ni kichwa, yaani ugonjwa wa mwinuko: kule Chamonix waya unakufikisha zaidi ya mita 3,700 kwa dakika kama ishirini, na mwili haujui umehamishwa. Sisi pole pole yetu si maringo.

Kuteleza, ndiyo. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda na ski zao wakashuka nazo, na barafu iliyo karibu na kilele ina jina la huyo wa kwanza. Sasa imebaki vipande. Ukitaka kuteleza leo, shuka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, mchana kwenye ile changarawe laini. Ukifika kambi ya Barafu, vua viatu umwage vumbi kabla ya kuingia hemani.