Nyota Changa za Galaksi Jirani

SWALI: Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi angani, iko umbali wa miakanuru 1,350 hivi, nayo imejaa nyota zinazozaliwa. Kwa nini basi wanaastronomia wahangaike na nyota changa za galaksi nyingine, zilizo mbali zaidi ya mara mia?

JIBU: Orioni haijaachwa, ila kwa mambo fulani ukaribu hausaidii. Tumo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, na tunaitazama kwa ubavuni, kwa hiyo vumbi lake hutuziba macho, na nyota mbili zinazoonekana kukaribiana huenda zimeachana kwa maelfu ya miakanuru. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani, kinyume chake, limetuelekezea uso wake. Nyota zake zote ziko umbali unaokaribia kuwa mmoja, yaani miakanuru 160,000, hivyo ile inayong'aa zaidi machoni petu ndiyo iliyo na mwanga mwingi zaidi kweli. Humo imo Nebula ya Tarantula, ambayo ingekuwa mahali pa Orioni, mwanga wake ungetupa vivuli hapa duniani usiku.

Sababu iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kikemia. Wanaastronomia huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko heli, hata oksijeni, desturi ambayo mwanakemia yeyote angeipinga. Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani nyingine, lina takriban moja ya tano tu ya metali zilizomo katika Jua, kiasi kinachofanana na cha galaksi nyingi za miaka mabilioni iliyopita, wakati uzazi wa nyota ulipopamba moto ulimwenguni. Kulichunguza ni kuitazama hali ile ya kale kutoka karibu.

Katika wingu hilo limo kundi la nyota liitwalo NGC 346. Ilidhaniwa kwamba penye uhaba wa metali, diski za gesi na vumbi zinazozizunguka nyota changa, ambamo sayari huundwa, hutoweka baada ya miaka milioni mbili au tatu. Hata hivyo, mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya James Webb, inayopokea mwanga wa infraredi upenyao vumbi, walithibitisha kwamba baadhi ya nyota za huko bado zina diski zikiwa na umri wa miaka milioni 20 hadi 30. Huenda mwanga wa nyota hushindwa kuipeperusha haraka gesi yenye metali chache, au diski zenyewe zilianza zikiwa kubwa mno. Vyovyote iwavyo, sayari za huko zina muda mrefu zaidi wa kujijenga.