Solaris: usiruke kurasa za maktaba

Mkuu, umesema umekwama sura ya 8 ya Solaris, riwaya ya Stanisław Lem kuhusu sayari ya Solaris iliyofunikwa na bahari yenye uhai, pale Kelvin, mtafiti kwenye kituo cha sayari hiyo, anaposoma kitabu cha msomi Giese, na unauliza kama ukizipita kurasa hizo kuna utakachokosa. Utakosa uti wa mgongo wa riwaya nzima.

Soma taratibu maelezo ya mimoidi. Ni maumbo makubwa yanayochomoza kwenye ile bahari na kunakili vitu vinavyosogezwa karibu nayo. Hayanakili mtu, mnyama wala mmea ulio hai. Mpelekee mwanasesere, anatolewa nakala papo hapo. Sasa mrudie Harey, mpenzi wa Kelvin aliyejiua zamani, anayemtokea kituoni. Gauni lake lina vifungo vya urembo tu, halina pa kufungulia, hadi Kelvin analikata. Bahari imelitoa jinsi lilivyokaa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu haijui ushonaji. Halafu huyo aliyevaa ni mtu! Bila sura ya 8 utadhani unasoma habari za mzimu. Ukiwa nayo, unajua kwamba kanuni waliyoiamini watafiti tangu zamani imevunjika mbele ya macho yako, na hakuna aliyekuwa tayari.

Sura za namna hii ni 2, 8 na 11. Kila moja imalize kwa mkao mmoja, maana ukiikatakata kurasa tatu tatu unapoteza mfululizo wa nadharia na kila kitu kinageuka orodha ya majina. Majina yenyewe usijitese nayo. Mshike Giese, mpangaji na mwainishaji, na baadaye Muntius, anayeiona elimu ya Solaris kama dini iliyovaa koti la sayansi. Na ushuhuda wa rubani Berton katika sura ya 6, kuhusu mtoto mkubwa kupita kiasi aliyemwona juu ya bahari, usiusahau.

Kero yako naielewa, na si yote inatokana na msomaji. Maelezo ya nyutrino (chembe ndogo kuliko atomu, zinazodaiwa kuwaunda wageni kama Harey) kwenye kikao cha simu cha Kelvin na wenzake wa kituoni, Snaut na Sartorius, ni mepesi mno. Lem alihitaji sababu ya kifizikia, akaibandika akaendelea. Sartorius naye anabaki mlango uliofungwa na sauti kali. Kinachonisumbua zaidi ni mapenzi: Kelvin aliyeifungia nakala ya kwanza ya Harey ndani ya roketi na kuirusha angani, anageuka haraka mno kuwa mtu asiyeweza kuishi bila nakala ya pili. Bahari imepewa kurasa tele, lakini moyo wa Kelvin umepunjwa. Hapo polepole ilihitajika na haipo.

Angalia pia nakala yako. Kama inamwita Rheya badala ya Harey, na Snow badala ya Snaut, hiyo ni tafsiri ya Kiingereza ya 1970, iliyotolewa kwenye Kifaransa na si kwenye Kipolandi cha 1961. Lem mwenyewe hakuipenda. Tafuta ya Bill Johnston, iliyotoka 2011 moja kwa moja kutoka Kipolandi, kwanza kama kitabu cha kusikiliza, kisha cha kielektroniki. Ukichagua kusikiliza, sura ya 2 na ya 11 zisome kwa macho, kwa sababu majina ya wasomi ni mengi na yanapotea masikioni.