Taa za sikukuu kwenye zuu usiku: usimpakie mtoto kwenye gari kabla hujasoma hapa

Mleta mada unataka kuwapeleka watoto kwenye zuu (bustani ya wanyama) inayofunguliwa usiku ikiwa imepambwa taa za sikukuu, na umeuliza mambo matatu: mtoto wa miaka mitatu na wa miaka saba watafurahi au watalala njiani, wanyama wanaonekana usiku au hawaonekani, na je shemeji yetu ana haki akisema huko ni kutupa hela tu. Mi nimeenda mara tatu, miaka mitatu mfululizo, zuu ileile ya mjini, na mara ya kwanza niliboronga vibaya mno, kwahiyo naandika kwa uchungu kidogo, mnivumilie urefu.

Nianze na wanyama manake hapo ndo jioni za watu wengi zinapoharibikia. Mkuu, usiende kuona wanyama. Ukiwaahidi watoto "twende tukamwone simba usiku" umeshajichimbia shimo mwenyewe. Simba mchana wenyewe analala, anaweza kulala mpaka saa 20 kwa siku, sasa wewe unataka aamke kwa sababu umekuja na tiketi? Tena kama ni msimu wa baridi, wanyama wa nchi za joto kama twiga na tembo wanakuwa wameshaingizwa ndani zamani. Binti yangu, enzi hizo ana miaka sita, alisimama kwenye uzio wa twiga robo saa nzima anaangalia kiza. Nikamwonyesha twiga wa taa pembeni yake, mrefu, wa njano, shingo inapanda na kushuka kwa kuwashwa na kuzimwa taa. Akaniangalia akaniambia, "Baba huyu ana plagi." Nikakosa jibu.

Ila msikate tamaa kabisa. Wapo wanaobaki nje, hasa wale wa baridi, chui wa theluji, mbwa mwitu, dubu, na kuna nyumba za ndani ambazo zuu nyingine huziacha wazi usiku. Ulizia kabla. Halafu ukienda, usikae pale penye taa nyingi, tembea mpaka kona isiyo na mapambo, maana zuu zenye akili huwa zinaacha sehemu za giza kwa makusudi ili wanyama wapumzike. Sisi mwaka wa pili tulijikuta kwenye kona kama hiyo kwa kupotea, nilishika ramani juu chini, na hapo ndo tukamkuta bundi. Yupo juu ya gogo, mwili kautupa upande ule, kichwa kakigeuzia kwetu kabisa kama kofia iliyovaliwa kinyume (bundi anakizungusha kichwa mpaka nyuzi 270, sio mpaka mwisho kama watu wanavyosema). Hakuna aliyesema kitu. Mdogo mtu, wa miaka mitatu, akamnong'oneza, "habari za usiku." Kwangu mimi hiyo sekunde moja ilirudisha hela yote ya tiketi, na hakukuwa na taa hata moja pale.

Swali ambalo hukuuliza ila wengine wameuliza huko juu: je taa haziwasumbui wanyama? Ni swali la maana sana na msikubali mtu awajibu kirahisi. Wanyama wengi wa usiku wana kitu kama kioo nyuma ya jicho, ndo kile kinachong'aa paka akimulikwa, kazi yake ni kurudisha mwanga upite tena jichoni mara ya pili. Kwahiyo taa ambayo kwako ni ya kawaida, kwake ni kali. Kuna mnyama mmoja wa ajabu hapa, reindeer, wale kulungu wa kaskazini wanaovutishwa sleji kwenye theluji, hicho kioo chake kinabadilika rangi kufuata msimu, kiangazi ni cha dhahabu, kipupwe kinakuwa bluu ili aone vizuri gizani, wanasayansi walilichapisha hilo mwaka 2013. Sasa fikiria jicho lililojiandaa hivyo kwa giza la miezi, we unamwashia taa milioni puani. Ndo maana zuu inayojali inapanga njia za taa mbali na mabanda, inawaingiza wanyama ndani, na inapunguza muziki. Mi sasa hivi natumia kipimo kimoja tu: nikiona spika linapiga ngoma ukutani mwa banda lenye mnyama, nageuza. Na tafadhali flashi ya simu zima, kwanza haisaidii chochote umbali huo.

Sasa nije kwenye kuboronga kwangu. Mwaka wa kwanza nikasema tusiende mapema, twende usiku umeshakolea ndo taa zipendeze, tena Jumamosi, tena Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu. Yani nilichagua saa mbaya ya siku mbaya ya wiki mbaya. Tumefika saa mbili usiku, foleni ya paking peke yake dakika arobaini, mdogo akalala kwenye siti kabla hatujashuka, nikamweka kwenye kigari, kigari kikawa kinanasa kwenye yale mabamba ya plastiki wanayofunikia nyaya njiani, kila bamba anashtuka analia, mbele watu wamesimama kwenye lile handaki la taa wanapiga selfi hakuna anayesogea. Simu yangu ilikuwa na chaji nusu, baridi ikaizima palepale (betri za simu kwenye baridi kali zinaishiwa nguvu ghafla hata kama zinaonyesha chaji ipo, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, usiishike mkononi muda wote). Picha niliyoambulia msimu huo ni moja, ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Mama watoto hakusema kitu mpaka tumefika nyumbani, na wenye ndoa mnajua kimya cha aina hiyo kikoje.

Mwaka uliofuata nikajirekebisha. Siku ya katikati ya wiki, wiki za mwanzo za msimu, na tukaingia geti linapofunguliwa, jua limezama sasa hivi. Wakuu, hapa ndo siri ilipo na sijui kwanini haisemwi. Kuna muda baada ya jua kuzama anga linakuwa na bluu nzito, sio nyeusi bado, na taa zimeshawaka. Huo ndo muda wa kuangalia na ndo muda wa picha, kwa sababu unaona miti, unaona umbo la mnyama wa taa na kilicho nyuma yake, giza likishakolea unabaki na nukta tu zinaning'inia hewani. Kadiri ulivyo mbali na ikweta ndivyo muda huo unavyokuwa mrefu, ukiwa karibu na ikweta unapita upesi sana, kwahiyo angalia siku hiyo jua linazama saa ngapi halafu hesabu kutoka hapo. Na faida nyingine, watoto bado wana nguvu. Wa miaka mitatu ana saa moja ya furaha, ukimpa na nusu nyingine umekopa, utailipa kwa kilio njiani.

Kuhusu picha zenyewe haraka haraka: simu ikiona giza inajitahidi kuangaza kila kitu, matokeo yake taa zinageuka mabaka meupe. Gusa kwenye taa yenyewe kwenye skrini halafu shusha mwanga, rangi zitarudi. Modi ya usiku ni nzuri kwa mti, mbaya kwa mtoto, maana inachukua muda na mtoto hatulii. Ukitaka sura ya mtoto msogeze karibu na taa aangalie taa, mwanga umwangukie usoni, achana na kumpanga mbele ya taa awe kivuli. Video ikikuonyesha michirizi inatembea usidhani simu imeharibika, baadhi ya taa za LED zinapepesa kufuata umeme wa ukutani, jicho halioni ila kamera inaona.

Mi nikiwa naangalia taa napenda kuchungulia zimefungwaje, ndo ugonjwa wangu. Mwaka huo wa pili kulikuwa na simba mkubwa wa taa nusu manyoya yake yamezima, sikio moja hakuna. Watoto wakaanza kumwonea huruma eti anaumwa. Nikawaeleza kwamba nyuzi zile zimeungwa kwa mafungu, ndani ya fungu taa zinafuatana kwenye njia moja ya umeme, kwahiyo pakikatika sehemu moja fungu zima linalala, mengine yanaendelea. Binti akauliza basi fundi akirudisha moja tu sikio linapona? Nikamwambia ndiyo. Tulipozunguka tukarudi tukakuta jamaa kapanda ngazi na kurunzi mdomoni anapapasa waya, tukasimama kumtazama, dakika kama kumi hivi, sikio likawaka, watu wakapiga makofi. Hilo halipo kwenye ramani ya zuu wala kwenye tangazo.

Hii shughuli ina umri wake pia, sio ya jana. Taa za umeme za mti wa sikukuu zilianzia New York mwaka 1882, Edward Johnson, mtu wa kampuni ya Edison, alifunga balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti nyumbani kwake. Zuu ya Cincinnati kule Marekani ilianza tamasha lake la taa miaka mia kamili baadaye, 1982, na bado linaendelea. Zamani zilikuwa balbu za moto zinakula umeme balaa, LED ndo zimewezesha haya mambo ya kufunika mti mzima mpaka vitawi. Halafu kuna aina nyingine kabisa, zile sanamu kubwa za hariri iliyovutwa juu ya fremu za waya na taa zipo ndani, hizo ni ufundi wa Zigong, China, na ukizikuta usizichanganye na hizi za nyuzi. Nazo zinaenda kwa kontena dunia nzima, Paris kwenye Jardin des Plantes, ambako kuna bustani ya wanyama tangu 1794, waliwahi kuonyesha hivyo wanyama waliotoweka na walio hatarini. Mi binafsi nazipenda hizi kuliko za nyuzi, mnyama anakuwa na mwili, sio mchoro.

Na mtu akikutumia ile klipu ya samaki wa umeme anayewasha mti wa sikukuu, mwambie ni nusu kweli. Mti kama huo uliwekwa kwenye akwaria ya Chattanooga, Tennessee, Marekani, mwaka 2019, ila samaki hakuwasha taa kwa nguvu zake, waliweka kihisio ndani ya maji, akitoa shoti kinaiamuru mitambo ya pembeni iwashe taa kwa kufuata mapigo yake. Sio kwamba hana nguvu, aina moja ya samaki hao ilipimwa volti 860, taarifa yake ikatoka 2019, ila shoti inadumu kufumba na kufumbua, haiwezi kukushikia mti usiku kucha. Watoto wangu hilo walilipenda kuliko nilivyotegemea, wiki nzima wanagusa swichi nyumbani wanapiga kelele "shoti!"

Mwaka wa tatu ndo nilitaka kuahirisha. Mvua imenyesha mchana kutwa, tiketi ni za tarehe maalum hazirudishwi, mama watoto akasema twende hivyohivyo. Tukavaa mabuti. Hakukuwa na watu, nadhani familia ishirini kwenye zuu nzima, na njia zote zimelowa zinang'aa kama kioo, kila taa ya juu ina pacha wake chini. Handaki lile lililotutesa mwaka wa kwanza tulilipita sisi wanne peke yetu, taa juu, taa pembeni, taa chini ya miguu. Mdogo akaona nyota nyekundu kwenye dimbwi, akairukia kwa miguu miwili, ikavunjika vipande, akasubiri mpaka imejiunga tena, akairukia tena. Tulikaa hapo kwenye dimbwi moja mpaka soksi zikalowa na sikuwa na haraka ya kuondoka.

Kwahiyo shemeji yetu mwambie ana haki kama mpango wenu ni Jumamosi ya mwisho saa mbili usiku kwenda kumtafuta simba. Kama mnaweza siku ya wiki, jua likizama, mabuti na nguo za kubadilisha kwenye gari, nendeni. Kigari cha mtoto chukua chenye magurudumu makubwa, vile vidogo vya kukunja viache nyumbani kwa sababu ya yale mabamba. Na huyo wa miaka saba mwandae kabisa kwamba twiga ana plagi.