Sataranji si drafti

*Mwalimu shikamoo. Mpinzani akileta farasi g5 mimi nimekwisha. Nakosea wapi? (Ngamiani, Tanga)*

Marahaba. Mchezo uliotuma ulianza e4 e5 (herufi na namba ni jina la mraba; kete isipotajwa ni askari), farasi f3 na c6, askofu c4, farasi f6, farasi g5. Ukajibu d5, sawasawa kabisa. Akala d5, nawe ukamla kwa farasi. Hapo ndipo ulipoumia. Farasi wake alikula f7, akashika malkia na ngome kwa pamoja, ikabidi mfalme wako amle. Malkia wake akatoka f3 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme, huku akimwinda farasi wako wa d5. Ili kumlinda, mfalme alipanda e6, katikati ya ubao, kisha farasi c3: sasa watatu wanaisaka d5. Kujitetea kupo, farasi wa c6 aende b4 au e7, lakini ukiteleza mara moja tu umefungwa. Shambulio hili Waitaliano wanaliita Fegatello.

Badala ya kula, peleka farasi a5, umfukuze askofu. Atatoa cheki b5. Ziba kwa c6. Akila c6, mle kwa askari wa b. Umepungukiwa askari mmoja, ila askofu wake lazima akimbie, na h6 kisha e4 zitamkimbiza farasi huku kete zako zikitoka.

Kwenye drafti kula ni lazima. Kwenye sataranji hakuna anayekulazimisha, na nyie mnaotoka barazani mnaisahau tofauti hii kila wiki.

*Chekimeti ya hatua nne inazuiwaje? (Makorora)*

Tena! Baada ya e4 e5, malkia h5, jibu farasi c6. Askofu c4, jibu g6. Malkia f3, jibu farasi f6. Andika ukutani.

*Nianze na e4 e5 f4 mashindanoni? (Pangani)*

Kama umeisoma. Mwaka 1851 London, bingwa Mjerumani Anderssen aliicheza dhidi ya mchezaji mwenzake Kieseritzky, akatoa askofu, ngome zote mbili na malkia, akashinda kwa hatua 23. Vijana wanaiga kutoa, hawaigi hesabu. Askari wa f akiondoka, njia ya h4 mpaka e1 iko wazi. Ukichelewesha farasi f3, malkia anakuja h4 kwa cheki, na mfalme akisogea huwezi tena kumhifadhi kwa ile hatua moja inayosogeza mfalme na ngome pamoja. Mmarekani Fischer alipigwa na Mrusi Spassky kwa ufunguzi huu mwaka 1960, na mwaka uliofuata akachapisha dawa yake: kula f4, kisha d6.

*Nikigusa kete nikaghairi? (Chumbageni)*

Uliyoigusa utaicheza, ikiwa ina hatua halali. Na saa ibonyeze kwa mkono uleule uliosogeza kete.