Je, Walawi 12 inasema kuzaa ni dhambi?
Hapana, dada, haisemi hivyo. Inasema mama aliyejifungua ni najisi, na katika Israeli ya kale unajisi wa aina hii haukuwa kosa. Ilikuwa hali ya mwili iliyomzuia mtu asiingie patakatifu mpaka atakasike. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku 7 (Hesabu 19), na bado kumzika mzazi kulikuwa wajibu mkubwa. Mama aliyejifungua mtoto wa kiume alingoja siku 40 kwa jumla, wa kike 80, kisha akapeleka sadaka. Ni kweli mojawapo inaitwa sadaka ya dhambi, lakini sura yenyewe haisemi popote kwamba anasamehewa. Inasema atakuwa safi. Hata Mariamu, baada ya kumzaa Yesu, aliifuata sheria hiyo kwa sadaka ya ndege wawili, ile ya maskini (Luka 2).

Kwa Wakristo, mwanamke aliyehesabiwa najisi kwa kutokwa na damu miaka 12 alimgusa Yesu akapona, akaitwa “Binti” (Marko 5). Baadaye Papa Gregori wa Kwanza, katika majibu yaliyohifadhiwa na Bede, mtawa na mwanahistoria wa Uingereza, alisema mama hatendi dhambi akiingia kanisani kushukuru hata saa ileile aliyojifungua. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia bado linashika siku 40 na 80. Kwa hiyo anayekwambia umetenda dhambi kwa kuzaa, mwombe akuonyeshe mstari.