Nguzo zilisimama, umiliki ukabaki kitendawili

Umeuliza kwa nini Bosnia na Herzegovina ilichukua miaka mingi kurudisha huduma za pamoja, ilhali vita viliisha mwaka 1995. Fedha na mafundi vilikuwa sehemu tu ya tatizo. Mkataba wa Dayton, yaani mkataba wa amani uliomaliza vita hivyo, uliacha nchi na sehemu mbili zenye serikali zake, Shirikisho na Republika Srpska, lakini njia ya umeme haijui mpaka huo. Ndiyo maana Kiambatisho cha 9 cha mkataba huo kilitaka yaundwe mashirika ya umma ya pamoja, kwa kuanzia na uchukuzi. Kukarabati nguzo na vituo vya kupozea umeme kulikuwa rahisi kuliko kukubaliana nani mmiliki na nani akusanye ada. Kampuni moja ya kusafirisha umeme kwa nchi nzima ilianza kazi mwaka 2006, zaidi ya miaka kumi baadaye! Reli ndiyo inayoniuma zaidi: shirika la pamoja la kuratibu lipo, ila treni zinaendeshwa na kampuni mbili, kila upande na yake. Kwa maoni yangu, umiliki ulipaswa kumalizwa pale pale mezani, wafadhili wakiwa bado wana sauti.